Gharama ya Kuaminiwa: Fedha za Kujenga Uhusiano na Wafadhili Wakubwa

Hapa Mbebe wilayani Ileje, na katika mkoa wa Songwe kwa jumla, bajeti ya asasi inapofikishwa mbele ya bodi, kuna kifungu kinachofyekwa kabla ya vingine vyote. Si cha dawa, wala cha madawati, wala cha mafuta ya pikipiki ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni kile kilichoandikwa mawasiliano na wafadhili, ziara za wahisani, au mshahara wa ofisa uhusiano. Mjumbe mmoja huuliza fedha hizo zingenunua madawati mangapi, kikao kinanyamaza, na kifungu kinafutwa. Swali lile ni la haki. Anayeliuliza analinda fedha iliyoombwa kwa jina la watoto na wagonjwa, na asasi yenye mjumbe wa namna hiyo ina bahati. Kwa hiyo linastahili kujibiwa kwa hoja na kwa hesabu, wala haitoshi kusema kwamba wafadhili ndivyo wanavyotaka.

Jibu ninalolileta ni kwamba fedha inayomwezesha mfadhili mkubwa kuijua asasi, kuiona kazi yake na kuziamini hesabu zake ni sehemu ya gharama ya kazi yenyewe, kama ilivyo nauli ya kupeleka vitabu shuleni. Asasi isiyoitenga fedha hiyo hailipi kidogo. Hulipa zaidi baadaye, tena wakati isipokuwa na kitu mfukoni. Sitetei kila shilingi inayoitwa ya uhusiano, na nitasema wazi ni ipi nisiyoitetea. Lakini tabia ya kukifuta kifungu hiki chote kila mwaka, kwa kudhani kwamba hapo tumewaokoa maskini, naiona ni kosa linalowagharimu maskini hao hao.

Mwaka 2025 ulitupa ushahidi ambao hakuna mtu wa asasi atakayeusahau upesi. Tarehe 20 Januari, rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika la USAID lilifikia mwisho wake. Mwezi Februari, Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Huduma za VVU katika mikoa ya nyanda za juu kusini, Songwe ikiwemo, zilikuwa zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango ulioanzishwa mwaka 2003. Mji wa mpakani kama Tunduma, wenye madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, unaelewa maana ya huduma hizo kuliko miji mingi. Popote asasi ilipokuwa na mfadhili mmoja, na mfadhili huyo akatikisika, asasi nzima ilitikisika pamoja naye. Kumtafuta mwingine baada ya barua ya kusitishiwa fedha kufika ni kuchelewa, kwa sababu mfadhili mkubwa haamui kwa wiki moja. Anataka kwanza kuwafahamu viongozi, kuona hesabu za miaka iliyopita, kusikia kwa wengine, kutembelea eneo la kazi. Hayo yote huchukua miezi, mara nyingi miaka, na yanahitaji mtu wa kuyafanya na nauli ya kuyafanyia.

Wapo watakaosema jambo hili ni mtindo wa kisasa ulioletwa na washauri wa mijini. Historia ya mkoa huu inasema vingine. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakaanzisha kituo cha Mbozi. Walitegemea watu ambao hawakuwahi kuiona nchi hii wala hawakuwa na matumaini ya kuiona. Walidumu vipi? Kwa sehemu kubwa walidumu kwa kuandika. Kila kituo kiliweka shajara, barua zilipelekwa Herrnhut huko Ujerumani, na habari za vituo zilichapwa na kusambazwa kwa waumini waliokuwa wakichanga. Utaratibu huo ulikuwa wa zamani kuliko misheni ya Rungwe yenyewe. Huko London, Wamoravian walianza kuchapa jarida la taarifa za misheni zao mwaka 1790, karibu miaka mia moja kabla ya mmoja wao kuvuka mto Songwe. Karatasi, wino, posta na muda wa mmisionari aliyeketi kuandika badala ya kujenga au kufundisha, yote hayo yalikuwa gharama. Hata hivyo waliendelea kuchapa, kwa kuwa walijua mchangaji asiyepata habari huacha kuchanga.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilikata uzi huo. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliichukua nchi hii ya kusini, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka upande wa pili wa mpaka, nchi ambayo leo ni Malawi, wakaja kusaidia kusimamia makanisa. Zaidi ya wote, Wakristo wenyeji waliyashikilia makanisa yao. Katika miaka ya 1920 Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, uhusiano ulianza tena. Hospitali ya Isoko katika wilaya yetu na ile ya Mbozi ni matunda ya uhusiano uliovuka vita mbili, mabadiliko ya serikali na kupita kwa vizazi. Sisemi kwamba kila kilichofanywa na misheni kilikuwa chema. Nasema kwamba taasisi zilizodumu muda mrefu kuliko zote katika nyanda hizi zilikuwa na mtu aliyelipwa kuwaandikia wafadhili, tena kwa uaminifu.

Tutazame pia mfano wa karibu zaidi kwa wakati, ingawa ni wa mbali kwa barabara. Mwaka 2003 chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya kilifunguliwa Bugando, Mwanza, katika hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kilianza na wanafunzi 10 wa udaktari. Kiliitwa Weill Bugando, kwa jina la Sanford Weill, tajiri wa mabenki wa New York, na mkewe Joan, ambao walikuwa wafadhili wakubwa wa chuo cha udaktari cha Cornell. Jina hilo lilifikaje kando ya Ziwa Victoria? Lilifika kupitia mtu mmoja, Padre Peter Le Jacq wa shirika la Maryknoll, daktari aliyesoma Cornell na kufanya kazi Bugando, ambaye kwa miaka mingi hakuacha kuwaeleza watu wa chuo chake cha zamani kuhusu uhaba wa madaktari kanda ya Ziwa. Mwaka 2004 Lowell Bryan, mmoja wa wakuu wa kampuni ya ushauri ya McKinsey, alianzisha Touch Foundation ili kuisaidia kazi hiyo. Leo chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya, na madaktari waliosomea pale wanatibu watu katika mikoa mingi nchini. Ukiichukua nauli ya padre yule na saa zake za mazungumzo ukaziandika katika mizania ya mwaka mmoja, zitaonekana ni upotevu. Ukiziandika kando ya idadi ya madaktari waliohitimu, hakuna mjumbe wa bodi atakayethubutu kuzifuta.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la hesabu zetu: tunapima kwa mwaka mmoja kitu kinachozaa kwa miaka mitatu au zaidi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupalilia na kuweka mbolea miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma mavuno ya maana, na hakuna anayemwita mpotevu. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini unaofanana na hali ya asasi nyingi za wilayani. Asasi inapata shilingi milioni 200 kwa mwaka, na milioni 160 kati ya hizo zinatoka kwa wafadhili wanne, kila mmoja milioni 40. Bodi inakubali kutenga milioni 20 kwa mwaka, yaani asilimia 10 ya mapato, kwa ajili ya ofisa mmoja, ziara, ripoti na simu. Mwaka wa kwanza unakwisha, hakuna mfadhili mpya, na wale wanne bado wapo. Anayetazama mwaka huo peke yake ataona milioni 20 zimeyeyuka. Sasa tuseme mmoja wa wale wanne alikwisha kuanza kuchoka na angeondoka mwaka wa kwanza ukiisha. Akibaki kwa sababu maswali yake yalijibiwa na kazi aliiona kwa macho yake, asasi imeokoa milioni 40 za mwaka wa pili na 40 za mwaka wa tatu. Hizo ni milioni 80 dhidi ya milioni 60 zilizotumika kwa miaka mitatu, na bado hatujahesabu mfadhili mpya hata mmoja, wala gharama ya kumtafuta wa kuziba pengo.

Dhana kwamba mfadhili anaweza kuchoka na kuondoka kimya kimya sikuitunga ili kuupendezesha mfano. Nchini Marekani, ambako mwenendo wa uchangiaji hufuatiliwa kila mwaka na mradi uitwao Fundraising Effectiveness Project, chini ya nusu ya waliochangia asasi fulani mwaka mmoja hurudi kuichangia mwaka unaofuata, na kwa waliochangia mara ya kwanza hali ni mbaya zaidi. Takwimu hizo hizo zinaonyesha kwamba wachangiaji wakubwa ni sehemu ndogo sana ya wachangiaji wote, lakini wanaleta sehemu kubwa ya fedha. Kumpoteza mmoja wao ni msiba wa mwaka mzima. Hesabu yangu nayo ina mpaka wake, na ni lazima niutaje: kama wale wanne wangekuwa wanatoa milioni 5 kila mmoja, kutumia milioni 20 kuwatunza kungekuwa upuuzi. Gharama lazima ilingane na kilicho mezani. Ndiyo maana nazungumzia wafadhili wakubwa peke yao.

Pingamizi la kwanza ni lile la madawati: fedha hii imechukuliwa kutoka kwa maskini. Lingekuwa kweli kama fedha ya madawati ingejileta yenyewe. Ann Goggins Gregory na Don Howard waliandika mwaka 2009, katika jarida la Stanford Social Innovation Review, jinsi asasi zinavyojinyima vitu vya msingi ili zionekane zina gharama ndogo za uendeshaji. Wafadhili huzoea takwimu hizo za uongo na kudai ndogo zaidi, asasi nazo huzidi kujinyima hadi zinashindwa kazi. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani ambazo kazi yake ni kuwaongoza wachangiaji, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, zilitoa barua ya pamoja kuwaomba wachangiaji waache kuipima asasi kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Hata serikali ya Marekani, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kiwango cha kawaida cha gharama hizo katika ruzuku zake kutoka asilimia 10 hadi 15. Ikiwa watoaji wenyewe wamekwisha kukiri kwamba kazi ina gharama zake za nyuma ya pazia, si busara sisi wapokeaji tuendelee kuzionea haya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2022 mhisani wa Marekani, MacKenzie Scott, aliipa CAMFED, asasi inayosomesha wasichana hapa Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika, dola milioni 60 bila masharti ya matumizi. Scott anajulikana kwa kutoa bila kuombwa, bila hafla wala karamu. Basi uhusiano wa nini? Lakini watu wake hutoa baada ya kuchunguza, na wanachochunguza ni rekodi. CAMFED ilianza Zimbabwe mwaka 1993. Ilipofika siku ya hundi ile, ilikuwa na karibu miaka 30 ya taarifa zilizochapwa, hesabu zilizokaguliwa na wafadhili wengine waliokuwa tayari kuithibitisha. Fedha iliyotumika miaka yote hiyo kutunza kumbukumbu na kuzungumza na wafadhili wa awali ndiyo iliyojibu maswali ya mfadhili ambaye hakuwahi kuombwa. Na hata tukikubali kwamba bahati ya namna hiyo ipo, haiwezi kuandikwa katika bajeti.

La tatu linatokana na ushahidi wangu mwenyewe. Kama fedha za Marekani zilisimama pamoja na miaka yote ya ushirikiano mwema, je, haionekani kwamba uhusiano haulindi chochote? Ni kweli kwamba hakuna chakula cha jioni wala ripoti nzuri ambayo ingeizuia amri ile ya Januari. Ila uhusiano wa asasi nyingi ulikuwa na ofisa wa mradi na tarehe yake ya kupokea ripoti. Haukufika kwa mwenye uamuzi, na mara nyingi haukutoka nje ya mfadhili huyo mmoja. Tukio lile halikuthibitisha kwamba uhusiano ni bure. Lilithibitisha kwamba uhusiano na mmoja tu ni hatari, na kwamba kujenga na wa pili na wa tatu kungepaswa kuanza mapema, wakati fedha ya wa kwanza bado ipo.

Kuna hofu nyingine ninayoiheshimu sana: kwamba mfadhili akiwa karibu mno ataigeuza asasi kuwa yake, na ajenda ya Mbebe itaandikwa Dar es Salaam au Ulaya. Hofu hii ina msingi. Lakini asasi inayotawaliwa kirahisi ni ile yenye mfadhili mmoja na isiyo na mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa haina ubavu wa kusema hapana. Mwenye wafadhili watano waliotunzwa vizuri anaweza kumkatalia mmoja na akalala usingizi. Dawa ni bodi kuandika kanuni na kuzisimamia: mfadhili yeyote asizidi sehemu fulani ya mapato, theluthi moja kwa mfano; zawadi kwa wafadhili zipigwe marufuku; na kila ziara iwe na taarifa ya maandishi. Hapa ndipo ninapotaja nisichokitetea. Sitetei semina ya hoteli isiyo na ajenda, posho ya kikao kwa mtu aliyekuja kula, khanga na mikoba ya kugawa, wala safari ya mkurugenzi ng'ambo isiyorudi na kitu. Hayo ni matumizi ya kujipendekeza, na mfadhili makini huyaona na kupunguza imani. Kinachomshika ni vitu vikavu: ripoti iliyofika siku iliyoahidiwa, hesabu zilizokaguliwa, simu inayopokelewa, habari mbaya iliyotolewa mapema kabla hajaisikia kwa wengine. Sehemu ya kazi hiyo imekwisha kuwa sheria. Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza hadharani fedha hizo na matumizi yake. Asasi inayotayarisha taarifa hiyo kwa uangalifu ina nusu ya barua ya mfadhili mkononi.

Kwa asasi ndogo ya kata, ambayo bajeti yake yote haifiki milioni 20, ofisa uhusiano wa mshahara hawezekani, wala sishauri aajiriwe. Lakini siku mbili za katibu kila mwezi zinawezekana, pamoja na daftari la wafadhili na nauli. Na nauli siku hizi si lazima iwe ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Mfadhili mkubwa wa kesho wa Ileje huenda yuko Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na kandokando yake wapo wenye malori, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa mazao ambao utajiri wao umetokana na barabara inayovuka mpaka huo. Wapo wanunuzi wa kahawa ya Mbozi. Yapo mabenki yanayotenga sehemu ya faida yao kwa ajili ya jamii. Kutoka hapa hadi Isongole, kisha kwa lami hadi Mpemba na kuingia Tunduma, ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ni wangapi kati ya wafanyabiashara wale waliowahi kualikwa kuja kuona darasa, kisima au zahanati, na kisha wakaletewa taarifa miezi sita baadaye bila kuombwa fedha?

Kwamba makampuni ya hapa nchini hutoa yakishirikishwa, Kili Challenge ni shahidi. Tangu 2002, Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, wamekuwa wakiwaalika watu na makampuni kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU. Kupandisha watu mlimani ni gharama. Kuna wapagazi, chakula, ada za hifadhi na hafla ya kuwaaga. Angekuwepo mjumbe wa bodi wa kuuliza gharama hiyo ingenunua dawa ngapi, pengine kampeni ile isingepanda hata mara moja. Imedumu zaidi ya miaka 20 kwa sababu mchangaji aliyepanda hurudi akiwa na jambo la kusimulia, na huwaita wenzake.

Wajumbe wa bodi, bajeti ijayo itakapofika mezani kwenu, kiacheni kifungu hiki kwa miaka mitatu. Kiwekeeni kikomo, daini taarifa yake kila robo mwaka: mfadhili nani amebaki, nani ameondoka na kwa nini, nani mpya amekuja kuona kazi. Miaka mitatu ikipita bila mfadhili hata mmoja kubaki au kuongezeka kwa sababu ya kazi hiyo, kifuteni, nami nitakuwa upande wenu.